Ukuta wa Kona ya Tisa

Jalada lilikuwa jembamba, na Inspekta hakuyapenda majalada membamba. Alikuwa akisema jalada ni kama mgonjwa: likikonda ghafla, kuna kitu hakijasemwa.

"Limekwisha, afande," alisema Koplo akilisukuma mezani. "Amekuja mwenyewe, amekiri mwenyewe, ametia dole gumba. Kesho saa tatu asubuhi tunampandisha kortini. Mimi mchana huu naomba ruhusa nikanyoe nywele."

Pale kituoni walimwita Inspekta Polepole, mbele yake na nyuma yake, kwa kuwa mama huyo alikuwa ameshalizoea jina na hata kulipenda. Ilisemekana aliwahi kumfuata mwizi wa baiskeli siku tatu, mwizi akiendesha na yeye akitembea kwa miguu, mpaka mwizi akachoka, akashuka, akamkabidhi baiskeli na pampu yake. Inspekta hakuikana hadithi hiyo. Alirekebisha tu idadi ya siku. Zilikuwa nne.

Alivaa miwani, akasoma maelezo ya mshitakiwa kwa sauti.

"'Mimi fundi mkuu wa mawe nilisahau kuacha matundu ya maji katika ukuta wa kona ya tisa. Maji yakajaa nyuma ya ukuta, ukuta ukaanguka. Kosa ni langu peke yangu. Asiulizwe mtu mwingine.'"

"Si unaona?" alisema Koplo. "Ila mimi hayo ya kusahau siyaamini. Mzee ameuza nondo, huo ndio ukweli. Sasa anajificha nyuma ya usahaulifu ili ahurumiwe. Mkuu wa kituo naye anaona hivyo hivyo."

Inspekta aliuwekea kidole mstari wa mwisho. "Koplo, ulipokuwa mdogo ukavunja kikombe, ulimwambia mama yako nini?"

"Nilisema paka."

"Na ukimpenda sana aliyekivunja?"

Koplo alipapasa nywele zake, akaona kinyozi anaondoka machoni pake taratibu, kama basi lililomwacha mtu na mzigo.

Anayezungumzwa hapa ni mzee aliyeitwa Timazi. Timazi ni ule uzi wenye risasi nchani ambao mafundi hupimia kama ukuta umesimama wima, na mzee huyu alikuwa ameuvaa shingoni miaka mingi hata watu wakasahau jina alilopewa na mama yake. Babake alikuwa mmoja wa waliojenga Barabara ya Mandhari. Yeye sasa ndiye aliyekuwa akiijenga upya. Na kama kesho ingefika bila jipya, angeingia gerezani akiwa na miaka sabini na mmoja.

Waliondoka kwa gari la kituo, Koplo usukani.

Barabara yenyewe ilijengwa zama ambazo watu walipanda mlima kwa ajili ya kuangalia tu. Ina kona ishirini na moja. Wanaoijua husema nyoka akitaka kuipita huomba ramani, na kwamba kuna bibi harusi aliyeanza kuipanda na msafara wake akafika kileleni ananyonyesha. Upande mmoja miti ya kivuli, upande wa bonde ukuta wa mawe yaliyochongwa kwa mkono, na kila baada ya kona chache pana kibaraza cha kuegesha gari watu washuke watazame. Lakini ukuta ulikuwa umechoka, magari yalikuwa mazito kuliko ya zamani, na kila mwaka bonde lilikuwa likidai watu. Ndipo ikaamuliwa ijengwe upya bila kuharibiwa sura. Kila jiwe liling'olewa, likaandikwa namba mgongoni kwa rangi nyeupe, kisha likarudishwa mahali pake pale pale, safari hii likiwa limekumbatia zege na chuma. Ukuta wa kale kwa macho, wa leo kwa mbavu. Jumamosi ilikuwa ifunguliwe, na mabasi ya shule yalikwishaalikwa.

Halafu Jumapili mwalimu wa udereva alimpeleka mwanafunzi wake, mama mmoja mshonaji, kwenye kibaraza cha kona ya tisa, akamfundishe kurudi nyuma. Mama alirudi nyuma vizuri sana. Bampa likaugusa ukuta, hodi ya mtu anayebisha kwa wakwe, na ukuta ukamfungulia. Hatua sita za mawe zikaondoka pamoja na gari, likanaswa na mti. Mama alitoka bila mkwaruzo. Mwalimu alivunjika mtulinga na mbavu mbili, na wauguzi wanasema neno la kwanza alilotamka alipozinduka lilikuwa "Breki."

"Tuanze na nondo zako," alisema Inspekta walipofika.

Koplo aliteremka kwenye pengo akihesabu. Mchoro ulidai nondo kumi na nane. Alihesabu kutoka kushoto, akahesabu kutoka kulia, akajikuna.

"Kumi na nane, afande. Zote zimepinda kuelekea bondeni."

"Nondo iliyoibwa haipindi."

"Haipindi," alikubali Koplo kwa huzuni.

"Zimepindia chini kabisa, kwenye mzizi. Gari lingekuwa ndilo lililozipinda, zingepinda pale bampa lilipogonga, kiunoni. Hizi zilikuwa zimekwisha kusukumwa siku nyingi. Gari lilimalizia tu. Haya, vua koti. Tunajenga."

"Tunajenga nini?"

"Ukuta. Hapo kwenye nyasi. Mawe si yana namba?"

Wafanyakazi walikuwa wameyapandisha mawe kutoka bondeni na kuyamwaga chungu kando ya njia. Kwa saa moja na nusu Koplo aliyabeba, Inspekta akisoma namba na kuonyesha kwa kidole, mpaka ukuta mzima ukalala chali kwenye nyasi, mstari juu ya mstari, kila jiwe na jirani yake. Koplo alikuwa amelowa kama aliyevuka mto.

Inspekta alipita mstari wa chini akiwa ameinama. Kati ya jiwe la nne na la tano palikuwa na tundu la kutosha ngumi, lililochongwa vizuri kingo zake. Hatua mbili mbele, jingine. Yalikuwa manne, yamepangika sawasawa. Na kila moja lilikuwa limejazwa udongo wa saruji uliochanganywa na vumbi la mawe, rangi ile ile ya ukuta, kiasi kwamba aliyesimama hatua tatu asingeyaona.

"Kwa hiyo hakusahau," alisema Koplo.

"Hakusahau. Aliyaacha, kisha yakazibwa. Na anayajua vizuri kuliko sisi."

Alitoa ufunguo wa mlango wa nyumbani kwake, akakwangua kizibo kimoja kwa nyuma. Tope likatoka, bichi, na mvua ilikuwa na siku tatu haijanyesha. Kisha akageuza upande wa mbele, akainua miwani. Katikati ya kizibo palikuwa na alama ya kidole gumba kilichokandamiza na kuvuta. Lakini badala ya mistari ya ngozi, kulikuwa na vidoadoa vidogo vilivyojipanga kama mbegu.

Alitazama vizibo vingine vitatu. Vyote vilikuwa na vidoadoa.

Hapo ndipo msanifu wa mandhari alipotokea, kamera kifuani. Alikuwa mtu nadhifu, wa maneno laini, na barabara ile aliipenda kweli. Alisimama kwenye pengo akalitazama kama mtu anayetazama jino lililong'oka mdomoni mwa mchumba wake.

"Inasikitisha, Inspekta. Kazi ya miaka miwili. Nasikia ni mambo ya nondo."

"Nondo zimo zote."

"Basi zege lilikuwa hafifu."

"Zege huwa sisemi, silijui. Bwana, wewe hupiga picha?"

"Kila Ijumaa, kona zote. Tunatengeneza kitabu cha ufunguzi." Uso ukamng'aa. Akafungua kamera, akamsogezea.

Inspekta alizipitia moja moja, kwa mwendo ule uliompa jina, mpaka Koplo akapiga miayo miwili na kumeza wa tatu. Katika picha za mwanzoni mwa mwezi, chini ya kila tundu la kona ya tisa palikuwa na mchirizi mweusi ukishuka hadi chini. Katika picha za Ijumaa iliyofuata, ukuta ulikuwa safi.

"Haya madoa yamekwenda wapi?"

"Machozi? Sisi tulikuwa tukiyaita machozi. Yaliharibu sura kabisa. Tuliyasafisha kwa brashi."

"Mvua ilinyesha wiki mbili mfululizo baada ya hapo. Mbona hayakurudi?"

Msanifu alirekebisha mkanda wa kamera ingawa ulikuwa sawa.

"Mambo ya viungo vya mawe ni ya mafundi, Inspekta. Mimi nashughulikia uzuri."

"Hukumwagiza mtu yeyote kitu chochote?"

"Hakuna agizo langu lolote la maandishi," alisema msanifu.

"Hilo silo nililouliza," alisema Inspekta, lakini kwa upole, kama anayemrudishia mtu leso iliyoanguka. Akamwomba asiondoke mlimani.

Kona ya kumi na moja walimkuta binti wa Timazi, mwanamke wa miaka thelathini hivi, amepiga magoti akijaza viungo kati ya mawe. Alikuwa akichota kwa mwiko mdogo, anasukuma, kisha anamalizia kwa gumba. Mikononi amevaa glavu za njano za mpira, zile za kuoshea vyombo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na ya mzee."

"Asante. Nimeambiwa eti nondo. Baba yangu huyo hawezi kuiba hata usingizi. Akisinzia mchana huamka akaomba radhi."

"Hizo glavu vipi?"

"Saruji inanila ngozi. Za kazi ni kubwa, zinavuka vidole. Wenzangu wananicheka, kila asubuhi wananiuliza vyombo vimeisha?" Alizivua akamwonyesha. Upande wa kiganja zilikuwa na vipele vidogo vya kuzuia sahani isiteleze. Vipele vya gumba vilijipanga kama mbegu.

Koplo alifungua mdomo. Inspekta akamtazama, naye Koplo akaufunga.

"Mwanangu, yale matundu ya maji ya kona ya tisa..."

"Pua? Sisi tunaita pua. Baba anasema ukuta usiopumua hufa umesimama."

"Nani aliyeziba?"

"Mimi," alijibu palepale, kama aliyeulizwa nani aliyefagia. "Za tisa, za kumi, za hapa, mpaka kona ya kumi na tatu. Msanifu alisema mfereji wa juu umekwisha, maji yanageuzwa kule kule mlimani, huku chini hayafiki tena. Alinifungulia mchoro nikauona kwa macho yangu, umepakwa bluu. Pua zikawa hazina kazi, zinachafua mawe tu. Nikaziba vizuri, kwa rangi ya jiwe. Alinisifu."

"Mzee alikuwepo?"

"Wiki zile alikuwa machimboni, anachagua mawe ya kona za juu. Alirudi Jumapili jioni, ukuta umeshaanguka. Akaokota kipande kimoja, akakigeuza, akakiangalia. Akaniuliza kama nimekula. Asubuhi yake akaenda kwenu." Mwiko ulikuwa umesimama hewani. "Mama. Kwa nini unaniuliza habari ya pua?"

Inspekta aliinua macho mlimani. Aliishika sketi yake ya kazi, akapanda ukingo wa juu ya barabara, Koplo akimsukuma kwa maneno. Huko juu, pale mchoro ulipopaka bluu, palikuwa na vigingi vya mti na uzi uliofungwa kutoka kigingi hadi kigingi. Ulikuwa mfereji kamili kwa urefu, na kwa kina ulikuwa sifuri. Maji ya mlima mzima yalikuwa na uzi wa kuyazuia.

Koplo alipiga simu ofisi ya ujenzi, akarudisha jibu. Mashine ya kuchimba ilihamishwa ikasawazishe uwanja wa kuegesha magari ya wageni. Mfereji ungechimbwa baada ya sherehe. Hakuna aliyefuta rangi ya bluu.

"Kwa hiyo msanifu aliona karatasi," alisema Koplo polepole, "binti akamwamini msanifu, na maji hayakumwamini mtu. Lakini afande, agizo la mdomo. Yeye akikana, tutakuwa tumemtoa baba tukamwingiza mwana."

"Hilo ndilo alilolikimbia mzee," alisema Inspekta. Upande wa mashariki wingu lilikuwa limeanza kujikunja mikono ya shati.

Timazi alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu, mgongo wima, haugusi ukuta. Uzi wake walikuwa wamemnyang'anya kwa mujibu wa taratibu.

"Mzee wangu, nimeyaona matundu. Uliyaacha, tena kwa ustadi."

"Nilisahau."

"Nimeziona na glavu."

Mzee aliinamisha kichwa, akatazama viganja vyake. "Mwanangu Inspekta, mimi nimeshaishi. Ukuta umeanguka, mtu ameumia, lazima mtu mmoja alipie. Niandike mimi, uondoke zako. Kosa la kona moja tu."

"Kona moja?"

"Ya tisa."

Inspekta alivuta kiti, akakaa. "Ni kona tano, mzee. Ya tisa mpaka ya kumi na tatu. Na mfereji wa juu haupo, ni uzi. Ukinyamaza wewe, jalada linafungwa, hakuna atakayezitafuta hizo pua nyingine. Jumamosi watoto watashuka kwenye mabasi, wataegemea."

Timazi alisimama. Alisimama haraka hata Koplo akasogea mlangoni.

"Tano? Mvua ikoje?"

"Iko njiani."

"Nipeni patasi na nyundo. Hapana, nipeni mwanangu, yeye anajua alipoziba; ameziba vizuri mno, mimi sitaziona." Mkono ulimwenda shingoni, uzi haupo. "Nilimfundisha mimi."

Kisheria mshitakiwa anaweza kupelekwa kuonyesha eneo la tukio, na Inspekta aliandika hivyo hivyo kwenye kitabu: kuonyesha eneo la tukio. Hakuandika kwamba mshitakiwa alikaa mbele, wala kwamba alimwambia dereva mara tatu akanyage mafuta.

Walianza kona ya kumi, upande wa bonde, chini ya ukuta. Binti alikuwa akiweka kidole, "Hapa," baba anaweka patasi, anapiga. Hawakuwa wameongea neno jingine tangu walipoonana. Pigo la tano kizibo kilitoka kama kizibo cha chupa na maji yakamfuata mzee kifuani, mekundu kwa tope, yakaruka nusu ya urefu wa gari. Koplo, anayependa kutia chumvi, alisema baadaye kwamba maji yalitoka na chura akiwa amechukia. Tundu la pili likaruka. La tatu. Ukuta wote mpya, uliosafishwa kwa brashi jiwe kwa jiwe, ukavaa tope kutoka kitambi hadi miguuni. Binti alilia akifanya kazi, akijifuta kwa mkono wa glavu na kujipaka zaidi.

Msanifu alikuwa amesimama hatua chache kando yao. Alikuwa ameiinua kamera mara moja, akaishusha. Walipofika kona ya kumi na moja alifuata kwa miguu. Kona ya kumi na mbili maji yalitoka kwa nguvu hata jiwe moja la chini likasogea kidole kizima mbele ya macho yao, kisha likatulia. Watu wote walirudi nyuma, isipokuwa mzee, aliyelitia bega.

Inspekta alisimama kando ya msanifu. Hakumtazama.

"Bwana, kesho saa tatu nitapeleka jina moja kortini. Nina neno la yule binti, na la kwako sina. Nikienda na nilicho nacho, jina litakuwa lake. Nitakuwa nimefuata taratibu."

Msanifu aliyaangalia maji. Yalikuwa yakitiririka kuelekea bondeni sasa, yanapita katikati ya viatu vyake vizuri, na hakuvisogeza.

"Yule binti alinisisitizia mara mbili," alisema hatimaye. "Aliniuliza, una hakika mfereji umekwisha? Nikamwambia nina hakika. Sikupanda kutazama. Ni hatua hamsini, Inspekta. Nilikuwa na picha za kupiga."

"Utayasema hayo mbele ya Koplo?"

"Nitayaandika. Na nitatia sahihi."

Koplo alitoa kalamu na pedi, akampa mgongo wake kuwa meza. Msanifu aliandika amesimama, mvua ya kwanza ikidondoka kwenye karatasi, akaandika tena pale wino ulipotawanyika. Alipomaliza, Inspekta alisoma mstari kwa mstari, akakunja, akaingiza ndani ya jalada chini ya koti. Jalada lilikuwa limeanza kunenepa.

Aliwafuata baba na mwana hadi kona ya kumi na tatu kuwaambia. Binti aliposikia alikaa chini palepale kwenye tope. Mzee hakukaa, hakushangilia, wala hakugeuka. Alikuwa ameweka sikio ukutani, kiganja kando yake, mvua ikimtiririka shingoni.

"Inuka, mama," alimwambia bintiye. "Bado moja. Ile pale inakoroma."